Nafasi Kati ya Mgongo na Mgongo

Mwaka huu, kabla ya msiba, nilipanda meli mpya ya Ziwa Nyasa pamoja na akina mama wa kwaya yetu ya Lupepo. Tulikuwa tunakwenda Liuli kuimba kwenye mkutano. Wenzangu walianza kufurahi tangu ngazini. Kila abiria ana kiti chake, kiti chenye mikono, na kati ya safu na safu mtu anapita na beseni kichwani bila kumgusa mwenzake goti. Kuna feni, kuna televisheni, kuna choo ambacho mlango wake unafunga. Jirani yangu Mama Lusajo, ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye maombi, alinyoosha miguu akasema, "Jamani, humu hata chawa anachoka njiani kabla hajafika kwa mwenzake." Tukacheka wote, nami nikacheka. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui kama ni la mtu mzima mwenye akili zake. Nilisimama katikati ya njia, nikageuza mgongo wangu uelekee mgongo wa kiti, nikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, napapasa kwa mkono kujua nafasi iliyobaki. "Mama Gwakisa, umepoteza nini?" akaniuliza Mama Lusajo. Nikamwambia naangalia nafasi. "Nafasi ya nini tena, na nafasi ndiyo hii imejaa kila mahali?" Nikakaa.

Katika ziwa hili nimepanda meli tatu, na nitazisema kwa haki, kwa sababu watu wa siku hizi wakisifu kipya hupenda kutukana cha zamani. Ya pili nilipanda nikiwa mama wa watoto, nilipokwenda kufyeka kaburi huko Liuli. Ilikuwa kubwa kiasi, ina ghorofa, wenye daraja la juu walikaa juu na sisi tulikaa chini na mikungu ya ndizi na magunia ya dagaa, lakini mtu uliweza kukunja miguu na kuikunjua. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilikuwa na mabenchi pembeni na uwanda wa bati katikati, na chumba cha chini chenye joto la injini ambako watoto walikuwa wanatapika. Siwezi kusema ilikuwa meli mbaya. Mwenye mgonjwa ilimbeba, mwenye maiti ilimbeba, aliyefika bandarini amechelewa ilimbeba pia, na hapo ndipo ilipokuwa na kasoro, haikujua kumwambia mtu hapana. Nilimwuliza binti mmoja wa meli hii mpya, aliyevaa sare na kofia, kama anajua ile ya kwanza ilikuwa na upana gani. "Bibi, ile si ya enzi za mkoloni?" Nikamwambia si ya mkoloni, nimeipanda mimi. Akashika mdomo, akasema, "Samahani bibi, mimi sikuikuta." Hakukosea. Wengi hawakuikuta. Lakini mimi nilihitaji kujua upana ule, kwa sababu kuna swali nililoulizwa nikiwa msichana, kama nafasi ilikuwepo au haikuwepo, na kwa swali hilo nilipoteza nyumba.

Mwaka ninaousema ni ule nilioolewa, miaka ile ya shida ya sabuni na sukari. Mume wangu Ambokile alikuwa seremala, akapata kazi ya kuezeka majengo huko Liuli, akaondoka ndoa yetu ikiwa bado changa sana. Mimi nikabaki Kinyala kwa wazazi wake. Walio wageni kwetu niwaambie mapema kwamba kwa Wanyakyusa wa wakati ule mke wa mtoto alikuwa anamwogopa baba mkwe wake. Si kuogopa kwa kuchukia. Ni heshima. Humwoni, hakuoni, hamkutani njiani, hamshikani mikono, na jina lake hulitamki mpaka unaingia kaburini. Siku hizi naona mabinti wanawapa wakwe zao mkono na kupiga nao picha, sisemi ni vibaya, huenda wao ndio waliopatia. Mimi nilifundishwa hivyo na nimezeeka hivyo. Ndiyo maana jina la mzee yule sitaliandika hapa. Siyo kwamba nimesahau, mkono ndio unakataa.

Kwa hiyo niliishi nyumba moja na mtu ambaye nilimjua kwa kikohozi. Jiko letu lilikuwa la mianzi iliyokandikwa udongo, na udongo ulikuwa umedondoka sehemu nyingi kwa sababu ya mvua, maana mvua ya Rungwe hamuijui mpaka mkae na ukuta wa udongo. Nyuma ya jiko kulikuwa na zizi la ng'ombe mmoja wa madoa. Mzee alikuwa akitaka kupita upande wangu anakohoa mara moja akiwa mbali, halafu anakohoa tena akikaribia, nami najifunika kanga na kugeukia ukuta mpaka hatua zake ziishe. Na alikuwa na namna yake ya kuzungumza na mimi bila kuzungumza na mimi. Anakwenda zizini, anamwambia ng'ombe. "Wewe wa madoa," anasema kwa sauti, "ile mbalaga ya jana chumvi ilizidi. Lakini nimekula yote, usimwambie mtu." Mimi ndani ya moshi, na ndizi zangu za mbalaga sufuriani, najiziba mdomo nisicheke. Siku nyingine, "Wa madoa, naona mawingu yamekaa juu ya mlima. Kama ningekuwa na mahindi uani ningeyaanua." Nami natoka mbio kuyaanua. Mama mkwe alikuwa anatusikia, anatikisa kichwa. "Huyo ng'ombe wenu," aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "atakuja kujibu siku moja, mtaikimbia nyumba wote wawili."

Nami nilikuwa na njia yangu ya kumjibu. Nikisikia anaumwa mgongo namwambia mama, kwa sauti ya kupita ukutani, "Mama, nimeweka maji ya moto kwenye ndoo, sijui kuna mtu anayetaka kuoga." Mama anasema, "Sijui, labda ng'ombe." Jioni ndoo naikuta tupu imefunikwa juu ya jiwe, na karibu yake parachichi lililoiva vizuri, limetandikiwa jani la mgomba chini lisichafuke. Sikuwahi kumwona akiliweka. Nimekaa na watu wengi tangu wakati ule, pamoja na mume wangu wa pili, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu mwema ambaye Mungu amempumzisha. Wote niliwaona sura, nikawazoea. Lakini nikijiuliza ni nani alinitunza nikajisikia nimetunzwa, jibu linakuja na sauti inayoongea na ng'ombe. Huenda nakuza mambo. Mtu ambaye humwoni ni rahisi kumpenda, hana sura ya kukukasirikia.

Habari ya Ambokile ililetwa na dereva wa lori la mbao. Homa ya siku chache tu, akafa, wakawa wamekwisha kumzika, kwa sababu joto la kule haliruhusu kungoja. Nilisikia kilio cha mama kwanza, kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mzee alikwenda zizini akasimama, na hakusema neno. Nilingoja nyuma ya ukuta amwambie ng'ombe chochote, hata tusi. Hakusema.

Tulikwenda kaburini watu wanne: mama, mzee, mdogo wake ambaye wote tulimwita Baba Mdogo, na mimi. Kutoka Kinyala hadi bandarini mama alitupanga vizuri, wanaume mbele, sisi nyuma na mbali. Shida ilianza melini. Safari ya kabla ya hiyo ilikuwa imeahirishwa, kwa hiyo watu wa meli mbili waliingia katika meli moja. Mama akatafuta akapata namna. Alimweka mzee upande wa kulia, uso wake uelekee majini, na mimi upande wa kushoto, uso wangu uelekee majini upande mwingine, yeye akakaa katikati yetu na mzigo wa ndizi na kapu. Mtu wa kabila lingine angetupanga tutazamane, ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Mama alichoogopa ni macho. Hakufikiria kwamba mtu aliyegeuza uso haoni anakorudi. Simlaumu. Hata mimi ningepanga vilevile.

Tulipofika Lupingu watu wakaingia tena. Wenye magunia, wenye kuku, mwanamke mwenye mapacha. Mabaharia wakawa wanapiga kelele, "Songeni! Songeni ndani, mama! Mzee, ziwa utaliona kesho, sogea!" Mmoja akasema, "Kaeni kama kuni, mtafika mmekauka." Watu wakacheka, ndivyo ilivyokuwa, hata katika shida ile watu walicheka. Mama alizidiwa, akasukumwa na kapu lake hadi karibu na mlango wa injini, nikamsikia anaita jina langu. Watu wa upande wangu walinijia kwa mbele, nami nikawa narudi nyuma huku nimejifunika, naangalia miguu yangu. Watu wa upande wake walimjia kwa mbele naye akawa anarudi nyuma, anaangalia maji au pale maji yalipokuwa. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu kugeuka kungekuwa kosa. Tukarudi nyuma kwa heshima, wote wawili, mpaka mgongo wangu ukakutana na mgongo wa mtu.

Sikujua ni nani. Nilisema moyoni, Mungu wangu, awe mtu yeyote. Kisha akakohoa.

Nilijaribu kwenda mbele nikakuta gunia, na juu ya gunia mwanamke ameketi na kuku kwenye kikapu. Nikajaribu pembeni nikakuta miguu ya watu. Nilisikia naye anajaribu. Halafu akaacha kujaribu, nami nikaacha. Jua lilikuwa kali, bati linachoma nyayo. Ng'ombe hakuwepo pale. Baada ya muda mrefu nilimsikia anazungumza, na sauti yake sikuisikia kwa masikio peke yake, niliisikia kwenye mifupa yangu ya mgongo. Alimwambia kuku wa yule mwanamke. "Kuku," alisema, "usiogope. Hapa hakuna aliyekosa. Meli ndiyo ndogo." Yule mwanamke akacheka, akasema, "Baba, kuku wangu haogopi, amezoea safari." Naye akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama. Basi ni mimi." Kisha mgongo wake ukaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Alikuwa anamlilia mtoto wake, na mahali pa kulilia hapakuwepo isipokuwa pale, na mimi nilikuwa sijamlilia mume wangu sawasawa tangu habari ilipofika kwa sababu ya kujifunika na kukaa nyuma ya watu. Nikalia. Tulilia hivyo, migongo inasukumana, hadi Manda.

Sasa ndiyo hapo penye swali. Manda watu wengi walishuka. Baba Mdogo, aliyekuwa amekaa juu ya shehena ya mbao na kuona uwanda wote, alisema baadaye kwamba pale Manda nafasi ilipatikana, na sisi hatukuachana mara moja. Nimejaribu kukumbuka miaka yote hii. Nakumbuka mama alikuja, akanishika mkono, akaniambia, "Simama, mwanangu," na nilipotoka, mgongoni pangu palikuwa pamelowa jasho, upepo ukapapiga baridi. Nafasi yenyewe siikumbuki. Huenda ilikuwepo. Huenda watu walioshuka walishuka upande mwingine. Nilikuwa nimejifunika kanga, na Baba Mdogo alikuwa juu anaona, kwa hiyo siwezi kusema alidanganya.

Tuliporudi Kinyala wazee wa ukoo walikaa sebuleni, mimi nikiwa jikoni napika chakula chao. Nilisikia kila kitu kupitia ule ukuta. Baba Mdogo hakusema kwa ukali. Alisema, "Ndugu zangu, mnajua maneno ya watu. Meli ile ilijaa watu wa Rungwe. Kesho watasema kaka yangu na mkwe wake." Mmoja akasema jambo kama hilo lina dawa yake, achinjwe kuku, waombewe, liishe. Baba Mdogo akasema, "Dawa ni ya nyumba inayosimama. Kijana amekufa. Mtoto hakuacha. Tunamtibia nani? Binti bado mdogo, arudi kwao kwa heshima, aolewe." Sikuona ubaya wake, na bado sijauona. Alikuwa anamlinda kaka yake, na hata mimi, kwa upande mmoja, alikuwa ananifikiria. Mama alisema, "Mimi namtaka abaki." Sauti yake haikupewa nafasi. Nikangoja mzee aseme. Nilisimama na mwiko mkononi, ndizi zikaanza kushika chini, nikasikia harufu yake na sikuzikoroga. Aliulizwa mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mkiniuliza kama ilikuwepo nafasi, mimi nilikuwa nimetazama maji." Basi. Angesema haikuwepo, ningebaki. Angesema ilikuwepo, angejiaibisha na kuniaibisha mimi. Alisema ukweli, na ukweli haukunisaidia. Nimewahi kumkasirikia kwa hilo, hasa nilipokuwa kijana. Siku hizi nashindwa.

Asubuhi niliyoondoka hakwenda zizini. Nilifunga mzigo wangu kwenye kitambaa, nikamuaga mama akiwa ameshika nguzo ya mlango, nikaanza kushuka kati ya migomba. Nikasikia kikohozi. Kilikuwa upande wa pili wa migomba, sambamba na mimi. Nikienda, kinakwenda. Nikasimama kuweka mzigo vizuri, kikasimama. Kilinisindikiza hivyo mpaka barabarani, na pale barabarani majani yakawa kimya.

Haya ndiyo niliyokuwa nayapima kwenye meli mpya. Ndani ya meli hii mama angemweka mzee kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa, na kati yetu wangekaa watu wa wilaya nzima na televisheni yao. Tusingegusana. Baba Mdogo asingekuwa na la kusema, nami ningekuwa Kinyala hadi leo, naanua mahindi. Nilipofikiri hivyo nilitaka kulia kwa wivu, kumwonea wivu mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti chenye mikono. Lakini lazima niandike na upande wa pili. Ndani ya meli hii mzee yule angelia peke yake, au asingelia. Sijui ningechagua meli ipi. Mama Lusajo aliponiuliza kwa nini macho yangu mekundu nilimwambia ni feni.

Tulikuwa hatujamaliza hata wiki tangu turudi, ndipo habari ikaja Lupepo kwamba mzee wa Kinyala amefariki, amekula chumvi nyingi, amekufa usingizini mchana. Kwaya yetu iliitwa kuimba, nami nikaenda kama mwanakwaya. Sikujiweka kwenye cheo kingine. Mimi ni mjane wa mtu mwingine, mama wa watoto wa ukoo mwingine, na Kinyala sikuwa nimelala tangu niondoke. Jeneza lilikuwa uani, lina kioo kidogo upande wa kichwa. Msemaji akashika kipaza sauti, akasema waombolezaji wapange mstari mmoja wapite kuaga, isipokuwa wakwe, wake za watoto wa marehemu, wao mila tunaijua, wabaki kwenye mkeka wao wakiwa wamegeuka. Nikasimama kwenye mstari nyuma ya Mama Lusajo. Nilikuwa nakwenda kumwona. Nilikuwa nimepewa ruhusa hiyo na Baba Mdogo siku ile nikiwa jikoni, bila yeye kujua, kwamba kwa kuwa si mkwe tena naweza kutazama kama jirani yeyote. Nilitaka kujua pua yake, kama alifanana na Ambokile. Nilitaka kujua kama uso wake ulikuwa wa mtu wa mzaha.

Walikuwa wamebaki watu wachache mbele yangu, kioo nakiona kinang'aa, niliposikia naitwa. "Subilaga." Mama mkwe alikuwa amekaa chini karibu na jeneza, mdogo kama mtoto, macho yake haya ya uzee hayaoni mbali, sijui alinijuaje. Huenda kwa sauti, katika kuimba.

"Abee, mama."

"Unakwenda wapi?"

"Kuaga, mama."

"Kwani wewe ni jirani?"

Mstari ukasimama. Baba Mdogo alikuwa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, mzee naye wa kushikwa mkono. Aliinua uso akanitazama, akamtazama shemeji yake. Nilidhani atasema. Akainamisha kichwa, akasogeza fimbo yake nipite.

"Nakuuliza," akasema mama. "Wewe ni jirani, au ni mtu wa nyumba hii?"

Mama Lusajo alinigeukia, haelewi kitu, akaninong'oneza, "Mama Gwakisa, vipi, twende, zamu yetu hii." Nilikitazama kile kioo. Hatua chache tu. Nikatoka kwenye mstari.

Mkeka wa wakwe ulikuwa umejaa mabinti wa siku hizi, wenye simu mapajani, hawanijui. Mmoja akamwambia mwenzake, "Msogezee mama, huyu naye ni mkwe." Wakabanana, nikakaa, nikavuta kanga mpaka usoni, nikageukia ukuta. Nyuma yangu nilisikia miguu ya watu ikipita taratibu, kisha ikaisha, kisha nikasikia wanapigilia misumari.